Ombi la Kuendelea Kung'oa Viti Vipya

Nyumba ya Bw. Cornell Purdie,
Chumba cha juu, Turner Station,
Baltimore, Maryland.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mheshimiwa Prentiss Hallowell,
Mbunge wa wilaya yetu ya milimani, Kentucky,
Bungeni, Washington.

Mheshimiwa Mbunge,

YAH: USHURU WA MAGARI YA MIZIGO USIFUTWE, ILI TUPATE KUENDELEA KUNG'OA VITI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa. Nasema umekaa kwa sababu habari yenyewe ni ya viti.

Mimi ni Verlin Stiltner, mpiga kura wako wa bonde la Caney, nyumba ya pili baada ya kanisa la Kibaptisti lenye paa jekundu. Shule niliishia darasa la tisa, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, kosa ni langu, ila hoja ni ya kweli. Mgodi wetu wa makaa ya mawe ulipofungwa nilikuja huku Baltimore, safari ya saa tisa kwa gari, na huu ni mwaka wa nne. Mke wangu Oleta alibaki bondeni na mama yake. Tunaonana Krismasi, siku ya Shukrani, na ile Jumapili ya Mei ambayo ukoo hukusanyika kupalilia makaburi na kulia chakula palepale. Siku nyingine zote mimi kwa Oleta ni sauti kwenye simu.

Kazi yangu nitaieleza polepole, maana wengi nikiwaeleza hudhani nimekunywa. Kuna magari ya mizigo yanayoundwa Ureno na kuletwa hapa kwa meli. Gari la mizigo likiingia nchini hutozwa ushuru wa asilimia ishirini na tano. Gari la abiria hutozwa asilimia mbili na nusu. Basi kampuni inayoyaleta, ambayo sitaitaja kwa kuwa ndiyo inayonilisha, huyafungia viti vya nyuma kulekule Ureno, pamoja na mikanda na madirisha, yakavuka bahari yakiwa magari ya abiria. Ofisa wa forodha akishagonga muhuri, yanasogezwa hatua mia mbili hadi kwenye banda letu, na hapo mimi na Cornell Purdie, mwenye nyumba ninayokaa, tunang'oa viti. Tukimaliza, gari limekuwa la mizigo, kama lilivyokusudiwa tangu siku mhandisi alipoliwaza.

Viti havina kasoro. Havijakaliwa na mtu. Bado vina ile harufu ya duka. Vinatupwa kwenye mashine ya kusagia, na kinachotoka upande wa pili unaweza kukizoa kwa koleo.

Sasa tumesikia redioni kwamba kuna muswada wa kufuta ushuru huo, ili magari yaingie kama yalivyo. Mheshimiwa, gari likiingia bila viti, mimi ning'oe nini? Nina miaka hamsini na mitatu na goti moja zima. Kule bondeni kazi zilizobaki ni mbili, kuuza dukani na kuwazika wanaonunua, na zote zimejaa. Kazi hii ikifa sina nyingine. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia, na nimeweka namba kama Oleta alivyonishauri. Anasema nikieleza jambo bila namba naenda kama trela linalorudi nyuma.

1. KUHUSU KUKU

Wanaotaka kufuta ushuru huu wanasema hauna sababu. Unayo, nayo ni kuku. Cornell alinieleza siku yangu ya kwanza kazini, tukiwa tumekaa juu ya viti tulivyoving'oa wenyewe, tunakula mikate yetu.

"Kentucky," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "unajua kilichokuleta hapa?"

"Njaa," nikasema.

"Kuku. Zamani mimi sijavaa hata suruali ndefu, watu wa Ulaya waliona kuku wetu ni wa bei rahisi mno, wakawawekea ushuru. Serikali yetu ikanuna, ikalipiza. Ikatoza brandi yao, ikatoza wanga wa viazi, ikatoza magari ya mizigo. Hayo mengine yakaja kusahauliwa. Hili la magari likabaki."

"Na kuku wenyewe?"

"Waliliwa, kaka. Ni zaidi ya miaka sitini sasa."

Mheshimiwa, wewe na mimi tunatoka mahali ambapo watu wawili wanaweza kugombania nguruwe, na wajukuu wao wasisalimiane kanisani. Hatuoni ajabu. Ugomvi ambao chanzo chake kimekwisha kuliwa ndio ugomvi imara, kwa sababu hakuna atakayekuja kukirudisha na kuomba radhi. Nalalamika kwamba watu wanataka kuubomoa ugomvi wa kitaifa uliotunzwa miaka yote hii, na hawajasema watatupa upi badala yake.

2. KUHUSU DEOLINDA

Chini ya kila kiti kuna kikaratasi chenye jina la mtu aliyekishona na kukikagua kabla hakijaondoka Ureno. Majina ni mengi, ila moja linajirudia: Deolinda. Viti vya Deolinda navijua kabla sijavipindua. Mshono umenyooka kama reli, na kwenye kona hakuna uzi uliosahauliwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa namwonea huruma. Nilimwambia Cornell tumwandikie, tumweleze kwamba viti vyake huishi saa nne tu baada ya kutua, aache kujichosha macho.

"Acha umbea wewe," Cornell akasema. "Ukimwandikia ataacha kunyoosha. Kiti kije kimelegea, ofisa akikalie, kiyumbe, aanze maswali. Mwache mama wa watu ashone."

Maana ofisa hukaa. Kila meli ikifika huchagua gari moja, huingia nyuma, hufunga mkanda, hutazama mbele kama mtu aliye safarini, halafu hushuka na kugonga muhuri. Hiyo ndiyo safari yote ambayo viti hivyo huifanya na mtu juu yake.

Nimeusoma muswada, zile kurasa mbili zilizobandikwa kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi, na sikuona Deolinda akifikiriwa popote. Yeye ana kazi kwa sababu mimi nang'oa, na mimi nina kazi kwa sababu yeye anashona. Tumeelewana vizuri miaka minne bila kuonana na bila mkutano hata mmoja. Nawauliza waheshimiwa kama wao wana mkataba na nchi yoyote uliokaa hivyo.

3. KUHUSU GARI LA WAZEE

Jambo hili litatajwa Bungeni na maadui zetu, kwa hiyo bora ulisikie kutoka kwangu.

Oktoba iliyopita yalishuka magari kumi na manne. Karatasi ya kazi iliyokuwa ukutani ilisema tung'oe viti vya magari kumi na matatu, moja liachwe, maana hilo lilikuwa la abiria kwelikweli. Lilinunuliwa na makao fulani ya wazee ya Delaware, la kuwapeleka kanisani na kwa daktari wa macho. Mheshimiwa, kwa miaka minne hatukuwa tumeona gari la abiria ambalo ni la abiria. Karatasi tuliisoma, hatukuidharau. Tulisoma mara mbili, tukakubaliana kwamba mwandishi amekosea. Ilipofika saa sita mchana viti vya yote kumi na manne vilikuwa makombo.

Saa nane akaja wa kulichukua, mama mmoja mpana wa mabega na wa sauti aitwaye Bi. Rusk, msimamizi wa makao hayo. Alikuja na mzee mmoja, Bwana Eubanks, wa miaka tisini na miwili, ili aonje safari ya kwanza. Bi. Rusk akafungua mlango wa nyuma, akatazama, akafunga. Akafungua tena.

"Viti viko wapi?" akamuuliza msimamizi wetu, Bwana Gorski.

"Vilikuwemo, mama."

"Sikuuliza vilikuwa wapi."

"Vimesagwa."

"Kwani vilikuwa vibovu?"

"Vizuri kabisa, mama," Gorski akasema, na nadhani alikusudia kumtuliza. "Vibovu hatusagi. Vibovu tunarudisha."

Mzee Eubanks hakungoja wamalize. Alipanda taratibu, akakaa chini juu ya bati, akanyoosha miguu. "Jeshini walinibeba hivihivi," akasema. "Twende. Daktari wa macho ananingoja saa tisa."

Hawakwenda. Viti vingine viliagizwa Ureno, navyo vikaja peke yao, bila gari. Kiti kikija bila gari ni kipuri, na kipuri kina ushuru wake. Kwa hiyo kiti kilekile ambacho mara ya kwanza kiliingia karibu na bure kikiwa kimebebwa na gari, mara ya pili kiliingia kwa bei ya kitanda kizuri.

Halafu ndipo aibu yenyewe ikaja. Gorski alituambia tuvifunge. Mimi na Cornell tukatazamana. Bolti nane tunazifungua kwa dakika nne huku tunazungumzia mpira. Kufunga hatukuwahi. Tulihangaika siku tatu, na kiti kimoja kikawa kinatazama nyuma. Bi. Rusk alirudi siku ya nne akavitikisa kimoja kimoja kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hebu niambieni, mabwana," akasema, "nyie hapa mnalipwa kwa kazi gani hasa?"

"Kinyume cha hii, mama," Gorski akamjibu.

Nalalamika kwamba kuna watu watakaolichukua tukio hili kuwa ushahidi dhidi yetu. Mimi naliona ushahidi wa upande wetu. Watu waliobobea katika kazi moja kiasi cha kutoweza kabisa kinyume chake ni mafundi, na taifa haliwatupi mafundi wake.

4. KUHUSU WAGENI KUTOKA GEORGIA

Kuna bandari huko Georgia ambako nako wanang'oa viti. Gorski anatuambia kila Jumatatu kwamba wao hung'oa kwa dakika tatu. Huo ni ushindani usio wa haki. Georgia hakuna theluji, vidole vyao havigandi, na bolti ya Januari kwao ni sawa na bolti ya Julai. Naomba viti vinavyong'olewa Georgia viwekewe ushuru vikivuka kuingia Maryland.

Cornell alisoma mstari huo akaguna. "Katiba imekataza, Kentucky. Jimbo haliwezi kulitoza jimbo jingine."

"Katiba imerekebishwa mara ishirini na saba," nikamwambia. "Ya ishirini na nane itamuuma nani?"

"Itakuuma wewe. Wewe mwenyewe umevuka majimbo kuja hapa. Watakutoza ukipita Virginia."

Nimeliacha ombi lilivyo. Ila naomba iandikwe wazi kwamba watu wa Kentucky hawahesabiwi kuwa wageni mahali popote walipokwisha kufika.

5. KUHUSU SPANA YANGU

Hili ni fupi. Spana hatupewi, tunanunua wenyewe. Yangu ilivunjika Februari. Niliponunua ya kwanza ilikuwa na bei ya spana, sasa ina bei ya ng'ombe aliyekonda, na muuza duka alisema ni ushuru mpya wa chuma. Naunga mkono ushuru wa chuma. Niliupigia makofi ukitangazwa, nikiwa nimesimama. Ninachoomba ni kwamba spana ya namba kumi na tisa isiguswe. Cornell anaomba vilevile kuhusu viatu vya kazi, Gorski kuhusu kahawa, na Oleta amenipigia simu kuhusu vifuniko vya mitungi ya kuhifadhia maharage, kwamba bila vifuniko bustani yote itaoza. Ukivitoa hivyo vinne, sisi sote tunaupenda ushuru kwa moyo mmoja.

6. KUHUSU VITA VYA JIKONI

Wapo watakaokuambia kwamba nchi zikitozana ushuru wote huumia. Nina ushahidi wa kinyume, tena niliupata humu ndani.

Mimi hupika maharage na mkate wa mahindi usio na sukari, kama unavyopikwa kwetu. Cornell hupika kaa kwa mvuke, na kuwanyunyizia viungo vyekundu mpaka majirani wanapiga chafya. Tulikuwa tunakula pamoja bila kuhesabiana. Siku moja Cornell akasema mkate wangu unaua soko la mkate wake wa dukani, hivyo kila kipande cha mahindi kitakachofika mezani kitalipiwa kwa kuosha sufuria zote. Nikaona hilo ni tusi kwa mama yangu. Nikaweka ushuru wangu: kila kaa atakayepita jikoni, aliyempika afagie ngazi kutoka juu hadi chini.

"Unanitoza ndani ya nyumba yangu?" akasema.

"Umeanza wewe."

"Mimi nilikuwa najilinda."

"Basi tuko wawili."

Akaongeza kusafisha bafu. Nikaongeza takataka za wiki nzima. Siku ya kumi na nne nilikuwa sipiki, naye hapiki, nyumba haina harufu yoyote, na wote wawili tumekaa meza moja tunakula samaki wa kopo kwa uma. Cornell akaligeuza kopo kulisoma. Lilitoka Ureno.

Tulilitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Nani ameshinda?"

Nikamwambia tumeshinda wote. Hakuna mkate wa kigeni uliovuka mpaka wake, na hakuna kaa wa kigeni aliyevuka wangu. Kwamba tulikuwa tumekonda si hoja, maana vitani watu hukonda. Jumatano iliyofuata alipika kaa kimyakimya, akaacha sahani yangu mezani, nami nikaoka mkate bila kutoa tamko lolote. Lakini huo ulikuwa udhaifu wa watu wawili wenye njaa, wala usichukuliwe kuwa sera.

7. KUHUSU MAMBO AMBAYO BUNGE LINGEFANYA KAMA LINGEKUWA LINATUPENDA

Badala ya kufuta, lipanue. Nimefikiri juu ya hili nikiwa kazini, kwa kuwa mikono yangu haihitaji kichwa tena.

Magari yasije na viti tu. Yaje na vitanda, masinki, mapazia na kinanda, ili ofisa aone ni nyumba za abiria, na watu wa kung'oa wawe ishirini badala ya wawili. Mashati ya kigeni yaje na mikono mitatu, na kila mji uliofungiwa kiwanda cha nguo upewe banda la kukata mkono wa tatu. Viatu vije vimeshonwa viwili viwili, watu wetu wavitenganishe. Jibini ije na mawe ndani. Kila kinachoingia nchini kiingie na kitu kisichohitajika, na kila kisichohitajika kiwe na Mmarekani wa kukiondoa, mwenye bima ya afya.

Wala tusiishie kwa wageni, maana uzalendo huanzia nyumbani. Kama kung'oa kiti kizuri cha Ureno ni ajira, kung'oa kiti kizuri cha Michigan ni ajira pia. Seremala akimaliza mlango Ohio, kuwe na mwenzake Indiana wa kuubomoa, na wa tatu Iowa wa kukagua kama umebomolewa kwa viwango. Nimehesabu, kwa elimu yangu ndogo, na sioni atakayebaki bila kazi. Sikuona pia atakayebaki na mlango, ila huwezi kupata vyote.

Na kwa kuwa wewe ni mbunge wetu, nakuomba ulipeleke na hili. Makaa ya bonde la Caney tuliyachimba yakaisha faida, mgodi ukafungwa. Yapo mengine yamelundikwa bandarini hapahapa, kilima cheusi, nayaona kila asubuhi nikienda kazini. Yarudishwe. Yapakiwe kwenye treni, yapelekwe bondeni, yafukiwe kwa uangalifu palepale yalipotoka, halafu sisi tuitwe tuje tuyachimbe. Mimi mwenyewe najua kila tabaka lilikuwa wapi. Nitakuja siku hiyohiyo mtakayoniita, hata bila kuaga.

Hayo ndiyo malalamiko yangu, Mheshimiwa. Sijaomba kwa ajili ya tumbo langu. Nimeomba kwa ajili ya kila mfanyakazi aliyekaa mahali akitegemea sheria isibadilishwe juu ya kichwa chake na mtu ambaye hakumwuliza. Tuko wawili hapa bandani, tumesimama pamoja, na mmoja wetu akiondolewa wote tumeondolewa. Cornell amesoma kurasa zote, ameongeza alama za nukta nilizosahau, na ametia sahihi chini yangu kwa hiari yake.

Msalimie mkeo, na karani wako yule wa ofisi ya mjini Hazard aliyenipa kalenda. Wasalimie waheshimiwa wenzako wa pande zote mbili, wanaotaka ushuru na wasiotaka, mradi wote wanavaa suti zilizoshonwa vizuri. Cornell anakusalimu, Gorski anakusalimu, na Bi. Rusk angekusalimu kama tungekuwa tunaongea naye.

Nabaki mpiga kura wako, nikiwa na spana mkononi kwa muda mtakaoniruhusu,

Verlin Stiltner,
mng'oa viti.

Nimesoma na ninakubaliana na yote isipokuwa habari ya mkate wa mahindi:

Cornell Purdie,
mng'oa viti, miaka kumi na moja.

NYONGEZA. Bahasha nilikwisha kuigundisha, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Oleta amepiga simu sasa hivi. Anasema jana ulifika mwenyewe katika ukumbi wa michezo wa sekondari yetu, ukatangaza kwamba palipokuwa na mgodi kitajengwa kiwanda cha viti vya magari, cha kuajiri watu mia mbili, na kwamba wenye kiwanda wana sharti moja tu: viti vya ng'ambo vipigwe marufuku kabisa, vikija peke yao au vikija ndani ya gari. Oleta aliniandikisha palepale. Mimi ni wa thelathini na nne. Halafu akasema, "Verlin, utakuwa unakuja nyumbani kula chakula cha mchana." Nikasema mtandao ni mbaya.

Kwa hiyo naomba malalamiko ya 1 hadi ya 7 uyachukulie kama hayakuandikwa. Ushuru wa magari ya mizigo ufuteni mkitaka, kuku wenyewe waliliwa zamani. Ila viti vya kigeni vizuieni, na mvizuie mapema. Mimi nimevishika vingi kuliko mtu yeyote katika wilaya yako, nami nashuhudia kwamba ni hatari kwa taifa. Mishono yake imenyooka kupita kiasi. Hatutaweza kushindana navyo.

Kuhusu Cornell, bado hajui. Marufuku ikipita banda litafungwa, hilo naliona. Lakini yeye ni mtu wa hapahapa, ana nyumba, atapata kitu kingine. Ndivyo tulivyoambiwa sisi siku mgodi ulipofungwa, tena aliyetuambia alikuwa mtu mwenye heshima zake, na ni kweli mimi nilipata.

Jibu lako litume bondeni, kwa Oleta. Tafadhali sana usilitume kwa anwani niliyoandika mwanzo wa barua. Huku barua hupokelewa mlangoni na Cornell, na kwa kuwa naye ametia sahihi, ataifungua.